Gari Lililokaa Eda

Kama ulikulia Masasi miaka ile neno "ruksa" lilipoanza kupenya katika kila mazungumzo, huna haja ya kuniuliza gari lilikuwa nini kwetu. Watoto wa leo wanapitwa na magari chungu nzima kabla ya kumaliza kikombe cha chai, na kichwa hawainui. Sisi tulilisikia gari kabla halijafika. Tulilala kifudifudi kwenye vumbi la barabara ya Newala, sikio chini, mpaka mama mmoja mpita njia akadhani tumepatwa na degedege, kumbe tunasikiliza. Lori la korosho lilikohoa kama mzee aliyezidisha tumbaku. Landrova ya misheni ililalamika njia nzima, kwenda na kurudi. Trekta hatukuliweka kwenye hesabu, maana tulikubaliana kwamba trekta si gari.

Lakini kulikuwa na moja ambalo tukilisikia tulinyamaza sote, hata wale waliokuwa wanagombana. Lilikuwa Pijo 404 ya Mzee Chipila wa Mnyambe, kule juu Newala. Lilishuka Masasi Jumamosi mojamoja, buluu ya kupauka, mkia wake wa nyuma umechongoka pande mbili, na puani limebeba simba mdogo wa bati aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Halikupiga kelele. Lilinguruma taratibu, kwa sauti ya chini iliyokuingia tumboni kabla ya masikioni. Mzee Chipila alirudi nalo kutoka mashamba ya mkonge alikofanya udereva tangu ujana, na watu walisema alilipenda kuliko alivyoupenda ulimi wake, maana mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache sana. Sisi watoto tuliliita Simba, tukalifuata mbio mpaka pumzi ikatuishia.

Baba yangu alilifuata kwa macho. Alikuwa fundi cherehani, ameweka mashine yake kwenye baraza la duka karibu na soko, na lile gari lilipopita mguu wake ulisahau kuacha kukanyaga. Mshono ukaendelea wenyewe, ukaenda ulikotaka. Kuna mwalimu mmoja alivaa suruali yake wiki nzima akilaumu kwamba mfuko umebana, kumbe umeshonwa wote. Alipokuja kulalamika, Baba alimwomba radhi kwa heshima zote, kisha akamuuliza kama na yeye alikuwa ameona gia ya gari lile haiko chini kama ya magari mengine, iko hapo hapo kwenye usukani. Mwalimu aliondoka na suruali yake akitikisa kichwa.

Mama alilijua hilo gari kwa jina moja tu. Likipita, alisema, "Mke mwenzangu huyo kapita," akaendelea kuchambua mchele. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Enzi zile hatukununuliwa michezo. Tuliifuma. Rede kwa mpira wa soksi, mdako kwa vijiwe, kombolela mpaka mama zetu waanze kutuita kwa majina ya ukoo, na ukiitwa kwa jina la ukoo ujue fimbo imeshachumwa. Msimu wa mabibo ulipofika tulikuwa na madoa kuanzia kidevuni hadi magotini, na Mama alisema utomvu wa bibo ni shahidi asiyehongeka. Korosho tulizichoma kwenye kipande cha bati lililotobolewa, moshi unawasha macho, mikono imebabuka, na ile ya kwanza kuiva unaila ikiwa bado moto kwa sababu ukingoja utanyang'anywa. Nyumbani ulikuwa ugali wa muhogo na kisamvu, na nyakati za ming'oko, vile viazi vya porini, tulikula ming'oko mpaka tukaiota.

Baba aliniundia Pijo yangu kwa kopo la samaki na magurudumu ya ndala zilizokufa. Aliipaka buluu ya kufulia nguo. Aliiwekea usukani wa waya, na pembeni ya usukani njiti moja, akanifundisha: moja, mbili, tatu, nne, na kurudi nyuma. Majirani walimwambia, "Mtoto wa kike na gari wapi na wapi, fundi?" Naye akawajibu, "Kwani gari lina ndevu?" Nilikuwa mtoto pekee wa kike mtaani aliyejua kubadili gia ya gari lisilokuwepo.

Kisha ruksa ikatufikia na sisi. Maduka yaliyokuwa na chumvi na kiberiti tu yakajaa sabuni za kunukia, vitenge, redio za kaseti. Marobota ya mitumba yakafunguliwa sokoni, na ghafla mji mzima ukavaa kafa-Ulaya. Baba alidhani cherehani yake imekufa, kumbe wale waliokufa Ulaya walikuwa watu wanene, na kazi ya kupunguza makoti ikamjaa mpaka kwenye sakafu. Na korosho nazo wakaanza kuzifuata wanunuzi wenyewe, na mizani yao na fedha taslimu mkononi. Mikorosho yetu ilikuwa kijijini Chiungutwa, na nasema yetu kwa adabu tu. Ilikuwa ya Mama. Aliirithi kwa mama yake, naye kwa mama yake, kama ilivyo kwetu. Mwaka ule ilizaa mpaka matawi yakaegemea chini, na Mama akaanza kuzungumzia bati. Paa letu la nyasi lilikuwa linavuja kiasi kwamba mvua ikinyesha tulihamisha vitanda kama watu wanaocheza bao.

Hapo ndipo alipotokea Ausi. Alikuwa mtani wetu, Mmakonde wa Mnyambe, muuza tumbaku ya kunusa, mtu ambaye hakuwahi kuingia kwetu bila tusi la utani. Siku hiyo aliingia barazani kwa Baba kimya, akavua kofia.

"N'tani wangu," akasema, "mke mwenza wa mkeo kafiwa."

Baba alielewa papo hapo. Mzee Chipila alikuwa amefariki miezi kadhaa iliyopita, na mjane wake, Binti Mahadi, alikuwa amekaribia kumaliza eda. Mjane hana mtoto wa kuliendesha gari. Litauzwa.

Nakumbuka Baba hakula usiku ule. Mama alimtazama akisukuma tonge huku na huko, akapumua, akasema, "Nenda kaangalie. Kuangalia hakulipiwi. Ila Somoe aende na wewe, awe macho yangu." Somoe ndiye mimi. Nilikuwa na umri wa kuanza kuficha vidole vya miguu nikizungumza na wageni, na sijawahi kupewa cheo kikubwa kuliko hicho.

Tulipanda na Ausi lori lililokuwa linarudi Newala kuchukua magunia. Baba alivaa kaunda suti aliyojishonea mwenyewe, iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali. Mama alitupa kidumu kidogo cha maji na onyo moja: "Kule juu msiombe maji ya kunywa nyumba ya mtu. Maji yao yana jasho." Mvua zilikuwa hazijaanza. Lori lilipoanza kupanda mlima, nikawaona wanawake kwenye njia za miguu, msururu, ndoo kichwani, wakitoka bondeni kwenye visima kwenda juu kwenye nyumba zao. Kwetu Masasi kuchota maji kulikuwa adhabu ya kawaida ya mtoto. Kule kulikuwa safari ya nusu siku.

Tulipofika Mnyambe, Ausi alituacha mbele ya nyumba, akazungukia nyuma kubisha hodi kwa wanawake, maana aliye edani haonani na wanaume wa kando. Na hapo, chini ya kibanda cha nyasi, lilikuwa limesimama.

Nilikuwa nimelikimbilia maisha yangu yote na sikuwahi kulikaribia likiwa limesimama. Vumbi jekundu lilikuwa limelifunika lote, vioo na taa na mkia, mpaka buluu haionekani, na kwenye kioo cha pembeni kulikuwa kumefungwa kipande cha kaniki nyeusi. Kuku alikuwa ametaga chini yake. Lakini hata hivyo lilitufanya tuseme kwa kunong'ona. Baba alilizunguka polepole, mikono nyuma, kama anazunguka kaburi la mtu mkubwa. Akafika mbele, akachutama, akakutana uso kwa uso na yule simba wa bati. Macho ya simba yalikuwa yamejaa udongo.

Baba akatoa leso yake nyeupe. Akaniomba kidumu. Akailowesha ncha ya leso kwa maji kidogo sana, akaanza kumfuta simba uso, taratibu, jicho moja kwanza, halafu la pili. Kisha akafuta na kipande cha bodi chini yake, na pale buluu ikachomoza, na ndani ya buluu nikamwona Baba, mdogo, amejiinamia.

Yowe lilitoka dirishani. Wanawake wakamiminika kutoka uani wamejishika vichwa. "Yuuwii! Kaliogesha! Kaliogesha gari!"

Ndani ya nyumba ikasikika sauti ya mwanamke mzee, kavu, isiyopanda. "Nani kaliogesha mimi sijaogeshwa?"

Ausi alirudi mbio, uso umesawijika, akatueleza kilichotokea huku akimvuta Baba mkono mbali na gari. Katika nyumba ile, gari lilikuwa limekaa eda pamoja na mjane. Lilimbeba marehemu maisha yake yote, likambeba na safari ya mwisho, kwa hiyo nalo limefiwa. Haliwashwi, halifutwi, haliguswi na maji, mpaka asubuhi ile mwenye eda atakapoogeshwa na kutoka. Baba alikuwa amelinawisha uso kabla ya siku yake, ni kama aliyeingia ndani akamvua mjane kaniki.

"Nilidhani unakijua kitambaa kile!" Ausi akasema.

"Nilikiona," Baba akajibu, bado ameshika leso. "Nilidhani ni cha kupangusia vumbi."

Kwingine wangecheka. Pale hakuna aliyecheka. Na kibaya zaidi, hatukuwa peke yetu. Alikuwepo mnunuzi wa korosho aliyetoka mjini, mwenye pikapu mpya na kalamu mfukoni, aliyekuja tangu asubuhi kuliona gari hilo hilo. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia utingo wake kwamba ukilikata nyuma na kuondoa viti litabeba magunia mazuri tu. Alipiga gurudumu teke, akasema, "Chuma hiki." Sasa alitutazama akatabasamu, kwa sababu alijua aliyekosa kwa mjane amekosa kweli. Baba akaenda kukaa kwenye gogo. Sijawahi kumwona mdogo vile, ndani ya suti yenye makali. Gari alilolipenda tangu ujana lilikuwa linakwenda kukatwa mgongo, na sababu ni leso yake mwenyewe.

Nikaitwa ndani. Mimi, kwa kuwa ni mtoto na ni wa kike, niliruhusiwa. Chumba kilikuwa na giza na harufu ya ubani. Binti Mahadi alikuwa amekaa mkekani, kaniki kuanzia kichwani, miguu yake imepauka kwa kukosa mafuta. Nikapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwana wa yule?"

"Ndiyo, bibi."

"Baba yako alikuwa anatafuta nini pale mbele?"

Nilikuwa macho ya Mama, na macho hayadanganyi. "Alikuwa anamfuta simba uso, bibi."

"Kwa nini?"

"Vumbi lilimwingia machoni."

Nikafikiri nimeharibu kila kitu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka nilipoona yote mawili yanamtoka pamoja. "Marehemu naye," akasema, "alianzia hapo hapo. Kila asubuhi. Alimfuta simba, halafu ndiyo ananisalimia mimi."

Hukumu ilitolewa kwa mdomo wa Ausi, mbele ya watu wote. Aliyeanza ndiye atakayemaliza. Siku Binti Mahadi atakayotoka edani, fundi wa Masasi aje aliogeshe gari lote, kuanzia simba hadi mkia, kwa maji ya bondeni, na maji hayo ayabebe yeye kwa kichwa chake. Si kwa baiskeli. Si kwa kukodi mtu. Akishindwa au asipokuja, gari ni la mwenye magunia.

Mnunuzi alicheka sana. Kule juu mwanamume akichota maji huyafunga kwenye baiskeli. Kuyatwika kichwani ni kazi ya wanawake, na mwanamume akionekana na ndoo kichwani watu hutoka nje kumtazama. Baba akasema, "Nimekubali."

Nyumbani nilimweleza Mama yote niliyoyaona. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akasema, "Mimi siendi kumwogesha mke mwenza," akanyanyuka kwenda kuangalia moto. Baba alifanya mazoezi uani siku zile, ndoo kichwani, shingo imekakamaa, watoto wa mtaa wamepanga foleni kwenye ua. Kwa vipande vya makoti ya kafa-Ulaya alijishonea ngata ya kuwekea ndoo, mviringo safi, mshono wa cherehani mara mbili. Nadhani ilikuwa ngata ya kwanza duniani kupigwa pasi.

Siku ikafika. Mimi na Baba tulilala kwa Ausi, na alfajiri tukashuka bondeni na wanawake. Njia ile ilikuwa mwinuko wa kokoto na mizizi, ya kushuka inakupiga magoti, ya kupanda inakupiga moyo. Wanawake walimcheka Baba wazi wazi. "Fundi, shingo hiyo si ya kupimia tai?" "Fundi, legeza kiuno, maji hayapendi askari!" Lakini huku wakicheka walimwonyesha. Mmoja aliweka jani juu ya maji ndani ya ndoo ili yasiruke. Ndoo ya kwanza ilifika nusu, nusu nyingine ikawa kwenye kaunda suti. Akaimimina kwenye pipa lililowekwa kando ya gari, akageuka, akashuka tena.

Safari ya pili, tulipokuwa tunapanda, nilisikia nyuma yetu mwendo ninaoujua. Kuna watu unawajua kwa kandambili zao. Nikageuka. Mama, amejifunga khanga kiunoni, ndoo imejaa pomoni kichwani, hata tone halianguki, mikono yake miwili chini. Alikuwa amepanda lori la kwanza kutoka Masasi, akauliza njia ya visima.

Baba alitaka kusema kitu. Mama akamwahi. "Sijaja kwa ajili ya gari. Nimekuja kwa ajili ya shingo yako. Twende, jua linapanda."

Tulipotokeza juu nikaona jambo ambalo mpaka leo sijamaliza kulishangaa. Wanawake wa Mnyambe walikuwa wanatoka majumbani mwao. Mmoja na bakuli, mwingine na kibuyu, mwingine na sufuria iliyofunikwa sahani. Maji ya kunywa ya nyumba zao, yaliyopandishwa mlima ule ule jana yake. Ndoo ilikuwa lazima iwe ya kichwa cha Baba, na hilo alikuwa amelitimiza, lakini hakuna aliyesema wengine wasiongeze. Walifika mmoja mmoja kwenye pipa wakamimina, na kila aliyemimina alitaja jina.

"Haya ya Zainabu wangu. Alizaliwa kwenye kiti cha nyuma."

"Haya ya mama. Alifika hospitali Newala anapumua."

"Haya ya mapacha."

"Haya yangu mwenyewe. Nilitapika humo, marehemu hakusema neno."

Ndipo tulipoelewa lile gari lilikuwa nini. Sisi wa Masasi tulilijua likiwa linapita. Wao lilikuwa limewabeba. Yule mzee asiyesema alikuwa akigongewa saa yoyote, akamfuta simba uso, akawasha. Baba alisimama na kitambaa mkononi, pipa linajaa, na hakuweza kuanza.

Kisha Baba akaanza. Alianza na simba. Vumbi jekundu lilishuka kwa michirizi na buluu ikatoka chini yake, bodi, milango, ule mkia uliochongoka, na jua la Newala likaikamata. Watoto wa pale, ambao walikuwa wamelizoea gari hilo, walisogea nyuma hatua kadhaa. Hata maji machafu hayakupotea. Wanawake walitega mabeseni chini, wakayachukua kukandia udongo wa kuta. Wakati huo huo ndani ya nyumba tulisikia vigelegele, Binti Mahadi naye anaogeshwa. Wakatoka pamoja, naweza kusema hivyo, gari na mwenyewe, siku moja, wote wawili wanang'aa.

Alikuwa mdogo wa umbo kuliko sauti yake. Amevaa doti mpya ya khanga, miguu ina mafuta. Aliweka kiganja juu ya bodi akakiacha hapo. Mnunuzi wa mjini alikuwa amesimama na bahasha yake, akasema anaweza kuongeza juu ya chochote atakachotoa fundi. Binti Mahadi hakumgeukia. "Wewe ulilipiga teke," akasema. "Huyu alilifuta uso."

Baba alitoa fungu la fedha za korosho lililofungwa kwenye leso ile ile. Kiasi gani, watoto hatukuambiwa, na enzi zetu ulikuwa huulizi. Kisha Binti Mahadi akatoa ufunguo, Baba akanyoosha mkono, na mkono wa bibi ukapita pembeni ya wa Baba ukaenda kwa Mama.

"Ausi kaniambia mikorosho ni ya nani," akasema. "Na shingo yako nimeiona. Shika. Lisikatwe, na lisimkatae mjamzito. Siku likimkataa, lirudi kwangu."

"Nimesikia, mama," Mama akajibu, akapiga goti.

Betri ilikuwa imelala, kwa hiyo kijiji kizima kikasukuma. Baba alikuwa amejifunza kuendesha lori kambini, jeshini, ujana wake, lakini Pijo alikuwa amejifunza kwa kopo la samaki, sawa na mimi. Nikiwa kiti cha nyuma, nilimsikia akinong'ona: moja, mbili. Likakohoa, likashtuka, likanguruma. Sauti ile ile ya tumboni, sasa nimo ndani yake. Nililia na sikuona aibu. Mama alikaa mbele, ndoo yake tupu magotini, anatazama mbele kabisa kama mtu asiyehusika, mpaka tulipoanza kushuka mlima na milima ya mawe ya Masasi ikaonekana chini. Hapo akasema, "Kweli linanguruma vizuri, huyu mwanamke."

Bati tulizipata miaka baadaye. Tulivujiwa misimu kadhaa huku Simba amelala chini ya turubai, mkavu kuliko sisi. Lakini halikuwahi kumkataa mjamzito. Mtaani kwetu kuna watu wazima wenye ndevu na vyeo ambao mimi najua walizaliwa kwenye kona gani ya barabara, na wakinipita bila salamu huwa nawakumbusha.

Leo watoto wangu huko Dar es Salaam wanaita gari kwa simu, linakuja kimyakimya, wanapanda bila kumsalimu dereva, wanapandisha vioo jua likiwaka na kupuliziwa baridi mpaka wanapata mafua. Ukiwauliza waliletwa na gari gani, wanajibu, "Jeupe." Siwalaumu. Magari yamekuwa mengi, na maji yamewafuata watu mpaka jikoni, hata Newala. Ninafurahi shingo za wasichana wa kule zimepumzika. Ila ukitaka kitu leo unabonyeza, na kesho yake hukumbuki kama ulikitaka. Sisi tulikitaka kitu mpaka mfuko wa suruali ya mwalimu ukashoneka.

Baba alifariki mwishoni mwa mwaka jana. Mama alipoingia edani, kabla hajaketi mkekani, alinituma nifunge kipande cha kaniki kwenye kioo cha Simba. Wanunuzi walianza kuja hata hivyo. Mmoja alitaka kuliweka nje ya hoteli yake watu wapigie picha. Mwingine aliandika ujumbe wa maneno mawili tu, akiuliza bei ya mwisho, na salamu hakuandika. Mama aliwasikiliza kupitia kwangu, akasema, "Waambie bado."

Juzi asubuhi nilikuwa jikoni nikasikia Mama ananiita kutoka dirishani kwake, kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu mazishi. Nikakimbia. Nje, kijana mmoja wa bodaboda, wale wa suruali za kubana na vidude masikioni, alikuwa amemleta mgeni wa jirani, akaiacha pikipiki yake katikati ya njia. Alikuwa amechutama mbele ya Simba. Vidude ameving'oa masikioni. Chupa ya maji ya kunywa iko pembeni yake, ameikunja mikono ya shati, na kwa ncha ya shati anamfuta simba jicho la pili.

Nilifungua mdomo nimkemee. Mama akanishika mkono. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Mwache amalize," akasema. "Halafu kamwambie eda inaisha lini. Na ngata ya baba yako iko juu ya kabati."